Mabati ya Nyota wa Tshopo

Mtaa mzima wa Tshopo ulimjua Nyota kwa mambo mawili: mikate yake ya kukaanga na mkono wake mwepesi. Mikate ilikuwa mitamu, hilo halina ubishi. Mkono ulikuwa habari nyingine. Mtu akila mikate mitatu akijifanya amesahau kulipa, Nyota alichomoa kijiko chake cha chuma kutoka kwenye mafuta yaliyokuwa yakichemka na kumchapa nacho mgongoni, huku wateja wengine wakisogea kando na mikate yao mdomoni. Wako waliosema mwanamke wa Kiislamu, tena binti wa watu wa Maniema, hapaswi kupigana hadharani. Waliosema hivyo hawakuwahi kuuza kitu chochote sokoni.

Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa mtoto mpole kule kwao karibu na Kasongo, hadi ilipokuja miaka ya vita vya wazungu, serikali ilipotaka mpira wa msituni kutoka kwa kila mwanamume mwenye miguu. Baba yake aliingia msituni na kikapu, na kikapu kisipojaa alilazwa kifudifudi mbele ya watu na kuchapwa kiboko. Nyota aliiona ngozi ya mgongo wa baba yake ikifunguka. Zile noti chache alizolipwa kwa mgongo huo, baba alizikunja na kuzichomeka ndani ya nyasi za paa, akaamini zimelala salama. Kiangazi kimoja cheche iliruka kutoka jiko la jirani. Mama yake Nyota alikuwa ametoka nje tayari, mzima, na mtoto mchanga mgongoni. Akakumbuka noti, akarudi ndani.

Paa lilimwangukia yeye na mtoto. Nyota alisimama uani akisikia sauti ambayo hadi anakuwa mtu mzima hakumsimulia yeyote. Siku ile aliapa mambo mawili: watoto wake hawatalala chini ya nyasi maisha yao yote, na fedha ya karatasi haitalala nyumbani mwake hata usiku mmoja.

Alikuja Kisangani, mji ambao wazungu waliuita Stanleyville, akiwa msichana wa kubeba maji kwa shangazi yake. Hapo akaolewa na Lambert, Mkristo, mpagazi wa bandarini, kijana wa watu wa mto kutoka Yanonge, mwenye kifua kipana na kicheko kilichosikika ng'ambo ya pili. Lambert alinyanyua gunia la kahawa kwa mkono mmoja na kumpiga mkewe kwa mkono uleule. Mke naye alirudisha. Sisemi ilikuwa ndoa nzuri, nasema ilikuwa ndoa ya watu waliolingana uzito. Majirani walikuwa wakisikia masufuria yakiruka, kisha kimya, kisha kicheko cha Lambert, na asubuhi wote wawili walitoka nje na nyuso zimevimba, kila mmoja akaenda kazini kwake. Watoto walizaliwa katikati ya hayo yote, wa kwanza Claudine, msichana mwenye macho makubwa aliyejifunza mapema kuwahamisha wadogo zake kona ya nyumba sauti zikianza kupanda.

Nyumba yao ilikuwa ya udongo, na paa lake lilikuwa la majani. Ndiyo maana Nyota alianza mabati.

Kila faida ya mikate ilipofikia bei ya bati, hakungoja iongezeke. Alikwenda duka la Mgiriki siku ileile, akanunua bati moja, akalibeba kichwani hadi nyumbani jua likimpofusha kila mtu aliyekutana naye njiani. Ndugu za Lambert walikuwa wakiziba mitumbwi yao kwa ulimbo wa msituni, ule usiotoka hata ukisuguliwa kwa mchanga. Nyota aliuyeyusha kidogo, akachanganya na masizi ya kikaango chake, akapaka kiganja cha kulia na kukigandamiza katikati ya bati. Alama ikikauka, ilikuwa imekauka milele: mkono mweusi, vidole vitano, kimoja kimepinda pale Lambert alipowahi kukivunja. Kisha bati lilisukumwa chini ya kitanda juu ya wenzake. Miaka ilipita, kitanda kikapanda. Mwishowe watoto walikuwa wakikikwea kama ukuta.

Mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tisa, maneno yalijaa mjini kuliko samaki sokoni. Wazungu wanaondoka. Wazungu hawaondoki. Benki itafungwa. Fedha itabadilishwa, ya zamani itakuwa ya kuwashia moto. Wanaume waliacha kazi kwenda kusikiliza mikutano, bei ya unga ilipanda asubuhi na kupanda tena jioni, na kila mtu mwenye chochote alihangaika akiweke wapi. Mama Pélagie, aliyeuza samaki wa kukaushwa kibanda cha pili, alichukua akiba yake yote benki na kununua vitenge. Wengine walichimba mashimo. Wengine walikunywa, wakisema kilichomo tumboni hakuna anayekibadilisha.

"Mama Claudine, we unaweka wapi mbongo yako, faranga yako?" Pélagie alimwuliza. "Bazungu banakwenda. Siku banakwenda, banabeba na sanduku ya banki!"

"Mi hapana weka mbongo," Nyota alijibu akigeuza mikate. "Mi naweka nyumba, kidogo kidogo. Iko chini ya kitanda."

Alijisifu, na alikuwa na haki. Kitu utakachokihitaji kesho, kinunue leo kipande kipande, ndiyo ilikuwa hesabu yake yote, na katika mwaka ule wa kichaa ilikuwa hesabu bora kuliko za wengi waliovaa tai. Lakini alikosea jambo moja, na nalisema wazi kwa sababu lilimgharimu. Aliweka kila kitu mahali pamoja, chini ya kitanda alicholala na mwanamume aliyekuwa akiota ndoto zake mwenyewe.

Ndoto hizo alikuwa akiziuza mtu mmoja aitwaye Wenceslas. Alikuwa na suti ya kijivu, viatu vya ngozi ya mamba, na ua lenye uzio mrefu karibu na barabara inayotoka Tshopo kwenda mtaa wa wazungu. Aliuza nyumba. Si nyumba zake. Aliuza nyumba za wazungu, zenye wazungu ndani. Unalipa sasa, uhuru ukifika unaingia. Alipokea fedha, baiskeli, cherehani, redio, chochote, na kila mnunuzi alipewa ufunguo wa chuma, mzito, unaong'aa. Usicheke. Watu waliokuwa na akili zao timamu walinunua. Mtu aliyechapwa maisha yake yote ukimwambia kesho atalala kitandani kwa aliyemchapa, hatauliza maswali mengi.

"Papa Lambert, unajua ile ndako, ile nyumba ya docteur, ile iko na maua kwa barza?" Wenceslas alimwambia. "Indépendance inafika, mundele anapanda ndege. Bon. Nani anaingia? Ni ule mutu alilipa mbele."

Lambert alirudi nyumbani macho yakimwaka. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alimshika mkewe mkono bila kuuvuta.

"Mama Claudine, tutakuwa na robinet ya maji ndani ya nyumba! Bana yetu, batoto, batalala kila mutu kitanda yake. Wenceslas anakubali tôles, ile mabati yako."

"Na huyu docteur, alikuambia anauzisha?"

"Haiko lazima aseme."

"Alors mutu anakuuzishia nyumba ya mutu mwingine, na we unasema merci." Nyota alicheka kicheko kibaya. "Papa Claudine, ile tôles ni ya kufunika kichwa ya batoto. Ukizigusa, tutazikana."

Lambert akampiga. Si kofi, ni ngumi, na jino la mbele la Nyota liliruka likagonga sufuria. Nyota aliinuka na mchi wa kinu na kumtandika nao begani mpaka mkono wa Lambert ukalegea. Walipigana kutoka chumbani hadi uani, watu wakajaa, na Claudine alikuwa akipiga mayowe mlangoni, mdogo wake kiunoni. Emile, jirani aliyekuwa na pusupusu la kubebea mizigo sokoni, ndiye aliyewaachanisha, naye akapata la kwake kwenye pua.

Siku chache baadaye Nyota alirudi kutoka sokoni akakuta kitanda kimeshuka. Kilikuwa chini kabisa, miguu yake imekaa sakafuni. Lambert hakuwepo. Nyota hakulia. Alilala kifudifudi, akapitisha mkono kwenye vumbi lile tupu, akainuka na kuchukua kijiko chake.

Uani kwa Wenceslas aliyakuta mabati yake yamepangwa pembeni, kila mkono mweusi unamtazama. Wenceslas alikuwa akinywa bia kwenye kiti cha kukunja.

"Mama, bwana yako aliuzisha, mi nilinunua. Ni commerce."

"Mi sikuuzisha."

"Mwanamuke hapana uzisha, mwanamuke anapikaka." Akawapa ishara vijana wake wawili. Nyota alimfikia mmoja na kijiko, akampasua shavu, lakini wa pili alimkamata nywele kwa nyuma. Walimpiga mateke pale pale kwenye vumbi, mbavuni na tumboni, bila haraka, kisha wakamtupa nje ya lango. Wenceslas hakuinuka kitini.

Usiku huo Lambert alirudi na ufunguo shingoni kwenye kamba. Alimkuta mkewe ameketi, amefunga mbavu kwa kitenge, anachochea moto. Claudine akawahamisha wadogo zake kona ya nyumba, ingawa safari hii hakuna sufuria lililoruka.

Kisha ikaja ile siku ya mwisho wa Oktoba. Watu walikuwa wamekusanyika kwenye mkutano, askari wakaja, na nani alianza, kila mtu ana hadithi yake. Nyota aliisikia milio ya bunduki akiwa sokoni. Mwanzoni alidhani ni mtu anapiga mabati. Watu wakaanza kupita mbio, mmoja ameshika sikio linalovuja damu, mwanamke mmoja na kiatu kimoja. Duka la Mgiriki lilivunjwa. Moshi ulipanda pande mbili za mji. Wauzaji walikimbia wakiacha vitu vyao, na Mama Pélagie alijaribu kubeba vitenge vyake vyote kwa mara moja, akaanguka navyo, na waliopita wakavichukua chini yake bila hata kumtazama usoni.

Nyota alipindua kikaango chake, akamwaga mafuta mtaroni na kumshika Emile shati.

"Lete pusupusu."

"Mama Claudine, iko masasi!"

"Lete, ao nakuvunja pua mara ya pili."

Emile aliliacha pusupusu na kukimbia, na hilo lilimtosha Nyota. Alilisukuma peke yake hadi kwa Wenceslas. Lango lilikuwa wazi. Mwenye viatu vya mamba alikuwa ametoroka na fedha alfajiri, na wateja wake walikuwa tayari uani wakinyang'anyana walivyovileta wenyewe. Mzee mmoja na kijana walivuta cherehani moja, mzee akauma mkono wa kijana hadi damu ikatoka. Nyota alipita katikati yao na kijiko. Aliyeweka mkono juu ya mabati yake alipigwa vidole hadi akaachia. Alipakia lile lenye mkono wake, na lenye mkono wake, na lenye mkono wake, mbavu zikimwuma kila alipoinama. Mengine yasiyo na alama yalikuwa pale pale, mazuri, bila mwenyewe. Hakuyagusa.

Alikuwa na nyumba yake tena, yote, juu ya magurudumu mawili. Angepinda kushoto angefika nyumbani. Lakini alijua Lambert ameamka na ufunguo shingoni, na alijua amekwenda wapi. Alisimama njiapanda akitukana, akamtukana Lambert, na mama yake Lambert, na Yanonge nzima. Kisha akapinda kulia.

Mbele ya nyumba ya daktari palikuwa na watu watano. Kila mmoja alikuwa na ufunguo. Walikuwa wamefika mmoja mmoja, kila mmoja akakuta mwingine langoni, na kila mmoja akasema nyumba ni yangu. Daktari mwenyewe alikuwa amejifungia ndani, au ameshahama, hakuna aliyejua. Hawakuwa na habari naye. Walikuwa wakiuana wao kwa wao. Seremala mmoja kutoka Banalia alikuwa na panga, mwingine nondo, na maua ya barazani yalikuwa yamekanyagwa yote. Lambert alikuwa amekwisha kuanguka chini, mgongo kwenye nguzo ya lango, akishika tumbo lake kwa mikono miwili ili lisimwagike. Seremala alimrukia mtu mwingine na Lambert akabaki peke yake.

Lango lenyewe halikuwa limefungwa. Lilikuwa likicheza kwa upepo, wazi.

"Mama Claudine," Lambert alisema. Alimtazama mkewe, halafu akayatazama mabati. "Ulizipata."

"Nyamaza."

"Peleka. Peleka kwa bana. Mi niache."

Mwisho wa barabara gari la askari lilikuwa likija taratibu, likipiga risasi kwenye viwanja. Nyota alimshika Lambert makwapani na kumlaza juu ya mabati, naye akapiga yowe ambalo halikuwa la mtu. Pusupusu halikusogea. Nyota alisukuma hadi kitu kikakatika ndani ya mbavu zake, na pusupusu halikusogea. Basi akavuta bati moja la chini na kulitupa barabarani. Akasukuma. Likasogea hatua chache. Akatupa jingine.

Hivyo ndivyo alivyokwenda kutoka mtaa wa wazungu hadi Tshopo. Kila kilima kilitaka bati, kila shimo la barabara lilitaka bati. Nyuma yake watu walitoka vichakani kuyaokota, naye aliwasikia wakigombana, na hakugeuka. Miaka yote ya mikate ilibaki njiani ikilia chuma kwenye changarawe. Lambert alikuwa akiongea, mara na yeye, mara na mama yake. Wakati mmoja alicheka kile kicheko chake. Alikuwa amegeuka ubavu na kushika bati kwa kiganja, kama mtu anayeogopa kuanguka kitandani. Walipofika uani kwao lilikuwa limebaki bati moja tu chini yake, na yeye alikuwa amekufa, na Nyota hakujua ni kwenye kona ipi.

Hapo ndipo alipolia. Alilia akimpiga maiti ngumi za kifua, mume mjinga, mume mpumbavu, na Claudine akamshika mikono na kumvuta.

Walimzika Lambert kesho yake kwa haraka, maana makaburini palikuwa na foleni. Nyota alirudi, akabadilisha kitenge, akachukua kijiko chake. Aligonga nyumba ya kwanza kando ya barabara aliyopita na pusupusu.

"Tôle yangu."

"Mama, pole sana kwa msiba, lakini hapa haiko…"

Aliingia. Akalikuta nyuma ya mlango, mkono mweusi katikati. Mwenye nyumba alijaribu kulishika, akapata kijiko cha kiwiko. Nyumba ya pili walilitoa wenyewe. Nyumba ya tatu mwanamume mmoja mnene alimsukuma chini, na Nyota akainuka na kumgonga pua kwa kichwa, akaondoka na bati, damu za wawili usoni mwake. Alizunguka siku nyingi. Mbavu zilikuwa zimevunjika lakini hakumwambia mtu. Habari zilimtangulia, na mwishoni alikuta mabati yameegeshwa nje ya milango yakimngoja, wenyewe wamejificha ndani. Mtaa wote ulikuwa umemwona akiyabeba kichwani miaka nenda miaka rudi, hakuna aliyeweza kusema mkono ule ni wa mtu mwingine. Mengine hayakurudi. Paa la jiko lilibaki la majani, akahamishia moto mbali uani.

Tangu hapo hakuweka tena kitu chochote mahali pamoja. Faida kidogo ilikwenda vitenge kwa Pélagie, aliyeanza upya biashara kwa kitenge kimoja, kidogo kwenye likelemba ya wanawake wa soko, ambapo kila mwezi mmoja wao alipokea michango ya wote, kidogo benki, kwa sababu benki ilikuwa bado wazi baada ya maneno yote yale. Wanawake walianza kuja kumwuliza waweke wapi akiba zao. Aliwajibu kwa ukali, lakini aliwajibu.

Fundi Constant ndiye aliyeezeka. Nyota alimwambia alama zitazame chini, ndani, juu ya vitanda. Constant alidhani amekosea kusikia, lakini alimjua mwanamke aliyekuwa akisema naye. Watoto walilala usiku wa kwanza wakihesabu mikono ya mama yao juu yao.

Siku ya kuezeka, bati la mwisho Constant alilishika muda mrefu kabla ya kulipandisha. Kando ya mkono mweusi wenye kidole kilichopinda palikuwa na mkono mwingine, mkubwa, wa damu iliyokauka.

"Hii tunasafisha, Mama?"

"Weka kwa kitanda yangu," Nyota alisema. "Vilevile."

Mvua ilikuja wiki ile, mvua ya Kisangani isiyobisha hodi, ikapiga mabati hadi hakuna aliyesikia mwenzake. Nyota alilala chali upande wake wa kitanda, akiitazama ile mikono miwili, na hakuna tone hata moja lililopita.